Dawa Iliyoitwa Haipo

Mimi nakusanya picha za watu nisiowajua. Niseme hivyo mapema, maana ukija kwangu Kaptembwo ukaona masanduku matatu ya bati chini ya kitanda utafikiri ni hati za shamba, na mimi shamba sina. Ni picha. Za rangi sitaki. Nataka zile nyeusi na nyeupe za zamani, za karatasi nene, zilizotengenezwa gizani kwa mikono ya mtu na kuoshwa kwa maji. Nina harusi, nina ubatizo, nina mfanyakazi wa reli na kofia yake, nina wasichana wawili wameshikana mikono kama wanaogopa kuanguka, nina mtu na baiskeli, mtu na redio, mtu na ng'ombe wa gredi, wa maziwa. Majina yao siyajui. Mke wangu alipokuwa hai aliwaita wageni. "Wageni wako wamelala?" alikuwa akiniuliza nikifunga sanduku.

Nyingi zinatoka kwa mwanamume mmoja anayeuza vitu vilivyotumika kando ya barabara ya kuingia mtaani kwetu. Watu wananunua fremu kwake ili watie cheti cha mtoto au kalenda ya kanisa, na picha iliyokuwa ndani inabaki pale chini kama ganda la ndizi. Huyo jamaa amenizoea.

"Niaje mzee," ananiita kabla sijafika. "Leo nina mababu watatu na katekista mmoja. Fremu nimeshauza, lakini watu ni wako."

"Wametoka wapi?"

"Watoto wamehamia ghorofa. Ukuta ya huko haitaki misumari."

Basi nawafunga kwa gazeti nakuja nao nyumbani.

Sababu ya kufanya hivi si nzuri sana ukiisikia, lakini nitaisema. Mimi nilisoma mpaka darasa la tatu. Ningefika la nne, ila mwalimu alihama na darasa likahama naye, mimi nikabaki na ng'ombe. Nilipokuwa kijana, uhuru ukiwa bado unanukia rangi mpya, nilikuja Nakuru mjini nikapata kazi kwenye studio ya picha. Mwenyewe alikuwa Mhindi mmoja mfupi, mpole, ambaye tulimwita Mzee hata kabla hajazeeka. Usifikiri nilikuwa mpiga picha. Kamera sikuwahi kuishika hata siku moja. Mimi nilikuwa muoshaji.

Hapa lazima nieleze, kwa sababu watoto wa siku hizi hawajui hili neno lilivyokuwa. Zamani ukitaka picha itoke kwenye filamu ulisema unaenda kuiosha. "Nimepeleka picha kuoshwa." "Picha zimeoshwa?" Hakuna aliyefikiria sabuni. Kuosha ilikuwa ile kazi yote, kutia karatasi kwenye mwanga, kuizamisha kwenye dawa, kungoja uso utoke polepole kama mtu anayeamka. Lakini ndani ya ile kazi ya kuosha kulikuwa na kuosha kwenyewe, kwa maji, na huko ndiko nilikuwa mimi, mwisho wa chumba, na besheni yangu na ndoo zangu.

Karatasi ilipita dawa tatu kabla ya kunifikia. Ya kwanza ilikuwa ya kuuita uso. Ya pili ilikuwa kali kama siki, ya kuuambia uso simama hapo hapo. Ya tatu ilikuwa ya kuufunga usikimbie ukiona jua. Hiyo ya tatu Mzee aliiita haipo. Ni jina la Kizungu, hypo, nilikuja kuambiwa baadaye sana, lakini wakati huo Kizungu ningekitoa wapi? Siku yangu ya kwanza aliniambia, "Lete haipo."

"Haipo?"

"Ndiyo, haipo. Lete."

"Kama haipo nitailetaje, Mzee?"

"Iko pale juu ya rafu!"

"Si umesema haipo?"

"Haipo iko! Angalia na macho!"

Nilitoka nje nikasimama kidogo, nikifikiri huyu mtu ameharibiwa na dawa zake. Karani wa mbele ndiye aliyekuja kunionyesha chupa, machozi yakimtoka kwa kucheka. Kwa mwezi mzima kila nikiulizwa chochote hapo studio, mtu ananijibia, "Haipo iko."

Sasa, hiyo haipo ni nzuri, lakini kazi yake ikiisha inatakiwa itoke. Yote. Ndiyo sababu ya maji. Mzee alinifundisha jambo hilo moja akalirudia mara nyingi mpaka likawa kama sala: "Haipo ikibaki kwa karatasi, siku moja picha haipo." Aliniambia inaanza na manjano kwenye kingo, halafu inakuwa kahawia, halafu watu wanaanza kuondoka, mashavu kwanza, macho mwisho. Ili haipo yote itoke, picha inataka saa nzima ndani ya maji, na maji yabadilishwe, yabadilishwe tena.

Bomba lilikuwa nyuma, uani, na mwezi wa saba Nakuru ina baridi ya kukata vidole. Nitasema ukweli. Mzee akiwa karibu, nilizipa picha saa yake. Mzee akienda mbele kwa wateja, nilizipa muda wa kikombe cha chai. Nilizitoa, nikazitandaza, zikakauka nyeupe na nzuri kama nyingine. Hakuna aliyeweza kujua. Fundi wa viatu akiiba kazi, unajua ukifika kona. Uvivu wa muoshaji unangoja mpaka kila mtu amesahau alikuwa nani.

Kwa hivyo nikipata picha siku hizi naangalia watu kwanza, nawasalimia. Halafu naangalia rangi. Ikiwa imegeuka manjano, naigeuza nyuma nione muhuri wa studio, kama ni yetu.

Kuna mama mmoja anaishi Milimani, nyumba ya miti mingi, naye anakusanya. Alikuwa wakili, sasa amestaafu. Yeye hakusanyi watu wa kuokota kama mimi. Anakusanya za sanaa, chache, na kila moja anaitundika peke yake kwenye ukuta mweupe kama imefanya makosa. Tulikutana kwa yule muuza vitu kuukuu, tukagombania padri. Nilimwachia. Baadaye akanialika nione zake. Moja ilikuwa ya kiti kitupu karibu na dirisha.

"Mwenye kiti ameenda wapi, mama?" nikamuuliza.

"Hakuna mwenye kiti, mzee. Ni kiti tu."

"Na ukakinunua?"

"Angalia weusi wake," akasema. "Usiangalie kiti. Angalia pale chini, nyeusi ngapi ziko pale."

Nikaangalia. Ni kweli, zilikuwa nyingi. Kulikuwa na nyeusi ya makaa, nyeusi ya chungu, nyeusi ya nywele zilizopakwa mafuta. Miaka yote niliyoosha sikuwa nimeangalia hivyo. Yeye ndiye aliyeniambia jina la picha hizi, silva jelatini. Silva ni madini ya fedha, ndiyo yanayofanya weusi. Jelatini ndiyo gundi inayoyashika juu ya karatasi, na inapikwa kutoka kwenye ngozi na mifupa ya ng'ombe. Nilikaa chini. Nilikuwa nimeosha fedha na mchuzi wa mifupa miaka miwili, na Mzee hakuniambia. Nilimwambia yule mama kuwa sasa ndiyo naelewa kwa nini mbwa wa studio alipenda kulamba besheni.

Tumekuwa marafiki. Ananiambia habari za wapiga picha, mimi namwambia ipi imeoshwa vibaya.

Basi, nije kwa hii picha ya Rongai, maana ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Huko Rongai, hii ya kwetu Nakuru, kuna mama mwenye miaka sitini na kitu, mjane, mkulima wa mahindi. Jirani yangu anatoka huko, akamwambia kuna mzee mjini anayejua picha za zamani. Akanipigia simu. Hakunizungusha.

"Wewe ndiye fundi wa picha?"

"Mimi si fundi, mama. Mimi nilikuwa muoshaji."

"Hiyo ndiyo nataka. Kuja."

Nikaenda. Alikuwa na picha moja ya mama yake. Moja, hakuna nyingine. Mama mwenyewe amesimama, na pembeni yake msichana wa miaka sita hivi, amekunja uso, ambaye ni yeye. Walipigwa Nakuru siku walipokwenda kuuza kuku. Mwaka uliofuata mama alikufa, na yule mtoto akakua bila kuushika ule uso kichwani. "Dada yangu mkubwa anamkumbuka," akaniambia. "Mimi nakumbuka harufu ya moshi kwenye shuka yake. Uso siuoni nikifunga macho. Nauona hapa tu."

Na hapo palikuwa pabaya. Paa lilikuwa limevuja msimu mmoja, maji yakaingia kwenye fremu, na ile jelatini ikavimba ikashikana na kioo. Ilikuwa imeshika chini, ikapanda, ikang'aa kama njia ya konokono, na kila mvua ikirudi inapanda tena. Ilikuwa imefika kifuani mwa yule mama. Juu ya hayo, picha yote ilikuwa imegeuka manjano. Mtu akipiga picha ya simu juu ya kioo anapata mng'ao na doa, kwisha. Binti zake walikuwa wamejaribu.

"Si ungengoja kiangazi?" nikamwambia. "Ikikauka vizuri..."

"Mzee, mimi nina sukari. Daktari amesema hili jicho la kushoto limeenda, na la kulia linafuata. Wewe unaniambia kiangazi?"

Akanisukumia ile fremu magotini.

"Nataka umtoe kwa kioo nimwone. Nikishamwona, hata lote likifunga, nitakuwa nimemwona."

Nilimwambia kuna wataalamu Nairobi, wa makumbusho, yule rafiki yangu wa Milimani anawajua. Akakataa kabisa. "Nairobi nilipeleka bwana yangu kutafuta kazi, akarudi baada ya miaka tisa. Wewe ni wa hapa. Uioshe."

Nilijua alichomaanisha. Alimaanisha itengenezwe, itoke ikiwa safi, kama watu wa rika letu wanavyosema. Nikaifunga kwa taulo nikaja nayo. Na sikumwambia kitu kimoja. Nyuma ya wale wawili kulikuwa na pazia lililochorwa ngazi na vyungu vya maua, na lile pazia nililikunja na kulikunjua mimi kila Jumatatu nikipiga deki. Ilikuwa studio yetu, na miaka yenyewe ilikuwa yangu. Muoshaji hakuwa mwingine. Ule umanjano nilijua umetoka wapi.

Niliiweka juu ya kabati sebuleni. Naishi na mwanangu na mke wake, na nyumba si kubwa, kwa hivyo kila mtu aliiona. Kuitoa picha kwenye kioo kuna njia moja tu ninayoijua, maji baridi na subira. Lakini jelatini kuukuu ikilowa inakuwa laini kama ngozi ya juu ya maziwa, na uso unaweza kubaki kwenye kioo na karatasi ikaja mikononi ikiwa tupu. Mama wa Milimani alipoiangalia alisema yeye asingethubutu. Kila asubuhi nilisema leo. Nikaosha mikono, nikaangalia ile picha, nikaenda kuota jua. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tatu. Mke wa mwanangu akiuliza, "Baba, hii itakaa hapa mpaka lini?" namjibu, "Usiiguse, inangoja kuoshwa."

Huyu msichana, nasema msichana lakini ana watoto wawili, anatoka upande wa Kakamega, na nyumba chafu kwake ni kama dhambi. Siku moja wamama wa jumuiya ya kanisa walikuwa wanakuja kwetu kusali. Mimi nilikuwa nimekwenda Milimani kutwa. Niliporudi, kama saa kumi hivi, nilimkuta mlangoni anapangusa viti.

"Baba, nimekusaidia ile kazi."

"Kazi gani?"

"Ile picha. Iko kwa karai."

Nilisikia kama mtu amenivua koti. "Kwa nini iko kwa karai?"

"Si umesema inangoja kuoshwa? Wiki tatu inangoja. Nikaona labda unangoja mimi."

"Maji ya moto?"

"Maji ya moto ni ya chai ya wageni, baba. Nimetia ya mtungi."

"Sabuni?"

"Bado. Nilikuwa naloweka kwanza. Iko na uchafu ya miaka."

Sikumgombeza. Sikuwa na pumzi, kwanza, na pili alikuwa amenitii. Neno nililompa ni lile, na yeye amezaliwa wakati wa picha za mashine, kuosha kwake ni kuosha. Nilipiga magoti uani. Karai la bluu, maji yametulia, na ndani yake kioo, uso wa picha ukiwa bado umeangalia kioo kwa chini. Mbao ya nyuma alikuwa ameitoa akaitupa. Nikaona mgongo wa karatasi, muhuri wetu, na namba kwa penseli, mwandiko wa Mzee, ile saba yake yenye mkia. Pembe mbili za juu zilikuwa zimeachana na kioo zinapepea polepole majini.

"Imeharibika?" akauliza, na sasa sauti yake imebadilika. "Baba, imeharibika?"

"Sijui. Niletee maji mengine baridi. Na usitembee kwa haraka hapa karibu."

Sikuivuta. Mtu asikwambie kuna ujanja hapo. Unaingiza maji mapya upande mmoja na kikombe, unaacha yaingie yenyewe kati ya kioo na picha, unangoja. Yanasogea kama unene wa ukucha. Unangoja tena. Mabega yakaachia. Kifua, pale palipokuwa pamevimba, pakakaa sana, nikafikiri ndiyo basi, nikawa natunga kichwani maneno ya kwenda kumwambia yule mama Rongai, na kila nikiyapanga yananikataa. Halafu pakaachia. Pembe ya chini kushoto haikuachia. Niliomba, nikangoja, na mwisho kipande kama cha ncha ya kidole gumba kikabaki kwenye kioo. Kilikuwa mguu wa yule mtoto.

Nikaigeuza ndani ya maji, na yule mama akaniangalia.

Mke wa mwanangu akachuchumaa kando yangu. "Kumbe kuna mtu," akasema.

Wanawake wa jumuiya walianza kufika, wanapita, "Shikamoo mzee, unafua?" nami najibu nafua. Sikuinuka. Nilibadilisha maji, nikangoja, nikabadilisha. Ndani walisali rozari, wakaimba, wakanywa chai, na mimi niko na karai. Nilimpa saa yake nzima na zaidi. Najua kwamba manjano hayatoki. Kilichogeuka kimegeuka, na maji ya leo hayawezi kufanya kazi ya maji ya wakati ule. Yanaweza tu kuondoa haipo iliyobaki ili isiendelee kumla. Lakini vidole vyangu vilipopata ganzi sikuvitoa.

Tuliilaza kwenye leso safi sebuleni, uso juu, na wale wamama kabla ya kuondoka walikuja mmoja mmoja wakamwangalia. Mmoja akauliza ni nani. Mke wa mwanangu akasema, "Ni mama ya mtu wa Rongai," na wakaitikia kama wametambulishwa kwa mgeni.

Niseme na hili, maana nimeahidi ukweli. Ilipokauka niliipenda. Niliiweka kati ya karatasi mbili usiku, nikajikuta nawaza ningeweza kumpa yule mama nakala nzuri, nibaki na yenyewe. Macho yake hayatajua. Niliwaza hivyo kwa muda kiasi cha kuvua viatu. Asubuhi nikaenda Rongai mapema kabla sijawaza tena.

Alikuwa amekaa mlangoni, anachambua maharagwe kwa mikono bila kuangalia. Nilimpa. Alifuta mikono kwenye nguo, akaichukua, akaisogeza karibu na jicho la kulia mpaka ikakaribia kugusa pua, akageuza kichwa pembeni kama kuku anavyoangalia punje. Akaipitisha polepole. Mimi nikaangalia mahindi ya jirani.

"Kumbe alikuwa mdogo," akasema. "Huyu ni msichana. Kitindamimba wangu ni mkubwa kuliko huyu."

"Ndiyo."

"Na hapa chini?"

"Hapo ni wewe. Mama yako nimekuletea mzima, lakini wewe nimekurudisha na mguu mmoja. Ule mwingine umebaki kwa kioo."

Alicheka mpaka maharagwe yakamwagika. "Sukari imeutaka huo mguu siku nyingi," akasema. "Sasa wewe umeitangulia!"

Nikaona ni bora niseme akiwa anacheka. Nikamwambia habari ya haipo na ya maji ya mwezi wa saba na kikombe cha chai. Nikamwambia ule umanjano si wa moshi wala wa mvua, ni wangu. Alisikiliza akiwa ameshika picha kwa mikono miwili.

"Kwa hivyo ulikuwa mvivu."

"Ndiyo, mama."

"Na mshahara ulikuwa unakula?"

"Wote."

"Hmm." Halafu akaniuliza kitu ambacho sikukitegemea. "Kama ulikuwa hapo, basi ulimwona. Akitembea. Akiongea."

Ningeweza kusema ndiyo. Angefurahi. "Sikumwona," nikasema. "Mimi nilikuwa nyuma, gizani. Watu nilikuwa nawaona wakiwa ndani ya maji tu."

Alitikisa kichwa, na furaha ikampungua usoni, nikaiona ikipungua. Akairudisha picha kwenye jicho. "Amevaa nyeusi," akasema. "Miaka yote nimeona hiyo nyeusi nikajua mama yangu alikuwa mtu wa huzuni. Hata hiyo siku ya kupigwa picha, amevaa kama anaenda kuzika."

"Wapi nyeusi?"

"Hii sweta."

Niliinama nikaangalia, na sijui kwa nini sikuwa nimeiangalia siku zote hizo. Macho yangu yalikuwa kwenye uso. Ilikuwa sweta ya vifungo vikubwa, na kifungo cha tatu kilikuwa kikubwa kuliko wenzake, tena cha mraba. Nikakijua. Kile kifungo alikishona mke wa Mzee mwenyewe. Ile sweta ilikuwa ya studio. Ilitundikwa kwenye msumari ukumbini, karibu na mlango wangu, ya kuwavalisha wanawake waliotoka mashambani wakiwa na nguo zilizochakaa, na mimi nilikuwa nikifutia mikono yangu yenye maji kwenye mkono wake wa kushoto, Mzee asipoona.

"Hiyo si nyeusi," nikamwambia. "Hiyo sweta ilikuwa nyekundu."

"Nyekundu?"

"Nyekundu kabisa. Kama pilipili. Filamu ya siku zile haikuijua nyekundu, ilikuwa inaiandika nyeusi."

Akanigeukia. "Na umesema hukumwona."

Hapo nilibanwa. Nikapapasa. "Nguo niliiona," nikasema. "Uso ndio sikuuangalia. Nilikuwa kijana, mama."

"Hiyo ni kweli," akasema. "Vijana hawaangalii uso." Na akaanza kucheka tena, polepole, huku anarudia, nyekundu, nyekundu, kama mtu anayeonja kitu.

Wewe unayesoma, ukipita Rongai, usimwambie habari ya msumari.

Aliniambia nimtafutie jina la dada yake kwenye simu, yule mkubwa, anayekaa Molo, kwa sababu herufi hazioni tena. Nikampigia, akaweka simu magotini, sauti juu.

"Unajua sweta ya mama kwenye picha ilikuwa nyekundu?" akamwambia, hata salamu hakutoa.

"Sweta gani?" dada akasema. "Mama hakuwa na sweta. Mama alikuwa na shuka."

"Alikuwa nayo. Naiona hapa. Nyekundu kama pilipili."

Nikashika kikombe cha chai niliyopewa nikaangalia ndani yake. Kwenye simu nikasikia jogoo wa Molo.

"Basi alituficha," dada akasema mwishowe. "Angetuacha tuione, si tungemvua? Wewe hasa."

"Mimi nilikuwa mdogo!"

"Mdogo lakini mwizi. Hebu niambie, ina mifuko?"

Akaisogeza tena picha kwenye jicho, akaanza kutafuta mifuko.